Rangi inapopasuka: historia ya ngozi ya motokari mjini Lubumbashi

Ukipita kwenye magaraji ya komini za Kenya, Katuba na Kamalondo, utaona motokari nyingi zinazougua ugonjwa mmoja. Paa na kapo vimeota mabaka meupe, verni inabanduka vipande vipande kama ngozi iliyounguzwa na jua, lakini sehemu za chini za milango bado zinang'aa. Wakaaji wengi husema tu kwamba rangi ilikuwa ya bei rahisi. Ukweli ni mrefu zaidi. Rangi za motokari zimebadilika mara kadhaa tangu mji huu uanzishwe mwaka wa 1910, na kila aina huzeeka kwa namna yake. Mwenye gari asiyejua aina ya rangi yake hupoteza franga zake kwa kutibu ugonjwa usio wake.

Reli kutoka kusini ilifika hapa mwaka huohuo wa 1910, wakati mji ukiitwa Elisabethville. Wakati huo motokari zilipakwa rangi kama magari ya farasi: mafuta na verni kwa burashi, tabaka juu ya tabaka, na kazi ilichukua majuma mengi kwa sababu kila tabaka lilisubiri lingine likauke. Miaka ya 1923 na 1924, kampuni za DuPont na General Motors za Marekani zilileta rangi ya Duco, iliyotengenezwa kwa nitroselulosi. Ilipulizwa kwa pistole na kukauka kwa saa chache. Ila ilikuwa na kasoro yake: ikizeeka huwa ngumu, haikunjiki tena, na hupasuka kwa mistari myembamba kama tope lililokauka.

Hali ya hewa ya Lubumbashi haionei huruma rangi kama hiyo. Mji uko kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi juu ya bahari, na jua la kiangazi ni kali. Usiku wa mwezi wa sita na wa saba, baridi hushuka chini ya nyuzi 10. Bati hutanuka mchana na kujikaza usiku, kila siku, mwaka hata mwaka. Rangi isiyoweza kulifuata bati hupasuka.

Kisha kuna moshi. Union Minière ilianza kuyeyusha shaba hapa mwaka wa 1911. Baadaye kiwanda kilipokea pia madini ya Kipushi, ambayo yana salfa. Salfa ikichomwa hutoa gesi ambayo, ikikutana na umande au mvua, hugeuka asidi. Shimini kubwa ambayo kila mtu wa mji anaijua ina urefu wa mita 153, na pepo za hapa huvuma zaidi kutoka kusini-mashariki, hivyo moshi ulielekea kaskazini-magharibi. Huko miti ilikufa na udongo ulijaa shaba, zinki, risasi na kobalti. Tone la asidi likikauka juu ya kapo yenye joto huacha alama ambayo kuosha hakuiondoi.

Kwenye miaka ya 1960, motokari nyingi zilikuwa na rangi ya tabaka moja la juu, iliyookwa kiwandani. Rangi hiyo ikizeeka hufifia na kutoa unga kama chaki. Dawa yake ilikuwa rahisi: kitambaa, dawa ya kung'arisha na nguvu ya mkono. Tabaka lililokufa liliondoka, na chini yake kulikuwa na rangi ileile ikiwa hai. Ujuzi huo ulikuwa wa kweli, na wazee waliurithisha kwa vijana.

Halafu nyakati zikawa ngumu. Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza Zairianizasio, na maduka ya wageni yakapewa wenye nchi. Bei ya shaba ilianguka mwaka wa 1975. Mwaka wa 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka, na mwaka wa 1991 ukaja uporaji. Gari halikuwa tena kitu cha kubadilisha. Lilikuwa kitu cha kutunza mpaka mwisho. Gari linalotunzwa hivyo hupakwa upya mara nyingi, mara nyingine bila kuondoa rangi ya zamani. Na rangi nene mno hujivuta ikikauka, kisha hupasuka mpaka chini.

Motokari zinazoingia leo kutoka Japani kupitia Dar es Salaam, Zambia na Kasumbalesa ni za kizazi kingine. Tangu miaka ya 1980 viwanda vingi huweka rangi nyembamba isiyong'aa, kisha verni ya kioo juu yake. Verni hiyo ni nyembamba kuliko unywele wa mtu. Ndani yake kuna dawa inayozuia mionzi ya jua, na dawa hiyo huisha kidogo kidogo. Ikiisha, jua hupenya, mshikamano kati ya verni na rangi hufa, na mabaka meupe hutokea. Hapo ndipo ujuzi wa wazee unapokosea njia. Verni iliyofifia tu inaweza kung'arishwa. Iliyokwisha kubanduka haiponi kwa kusugua, maana hakuna kitu hai chini ya kusugua huko. Na kupuliza verni mpya juu ya ile iliyokufa ni kujenga nyumba juu ya mchanga: mpya itaondoka pamoja na ya zamani.

Kazi ya kweli ni kusugua kwa msasa wa maji mpaka ukingo wa verni ya zamani usisikike kwa kidole, kuweka rangi ya msingi palipo bati tupu siku ileile kabla kutu haijaanza, kisha rangi, kisha verni. Mwenye franga chache aanze na nyufa zinazofika kwenye bati, kwa sababu humo maji huingia na kutu hula gari kwa ndani. Mabaka ya verni peke yake ni aibu ya macho, yanaweza kungoja.

Lakini kuna jambo lisiloweza kungoja. Rangi nyingi za zamani, hasa za manjano na nyekundu, zilikuwa na risasi. Zikisuguliwa zikiwa kavu, vumbi hilo huenea uani ambako watoto wanacheza. Verni za siku hizi zinazochanganywa na kigumisho zina kemikali ziitwazo isosianati, zinazoweza kumpa fundi pumu ya maisha, na kitambaa cha puani hakizizuii. Mwaka wa 2009, watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza kwamba watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga wana metali nyingi mwilini, kobalti hasa. Miili ya wakaaji imekwisha kubeba mzigo wa karne moja. Fundi anayesugua kwa maji, anayefukuza watoto wakati wa kupuliza, na anayevaa kinyago chenye kichujio cha gesi, anakataa kuuongeza. Tajiri wa gari anayempa muda na franga za kufanya hivyo ananunua zaidi ya mng'aro.