UZI: Kinangop 1953, na bei ya kuadhibu kabila zima

1/ Kila shambulio likitokea hapa kwetu, hamkosi kumsikia mtu jukwaani akisema, "Hiyo jamii inawajua, wabebwe wote." Hebu niwarudishe Kinangop, muone hayo maneno yalishatufikisha wapi.

2/ Usiku wa Januari 24, 1953, wapiganaji wa Mau Mau waliingia shamba la familia moja ya walowezi. Waliua baba, mama aliyekuwa daktari, na mtoto wao wa miaka 6. Mfanyakazi Mwafrika aliyejaribu kusaidia akauawa pia. Mimi nawaheshimu waliopigania ardhi, lakini hilo silitetei. Mtoto ni mtoto.

3/ Muda mfupi baadaye walowezi kama 1,500 waliandamana hadi kwa Gavana, Nairobi, nusura wavunje milango. Wauaji pekee hawakuwatosha. Walitaka Wakikuyu washughulikiwe kama kabila.

4/ Kufukuza maskwota Bonde la Ufa kulikuwa kumeanza 1952. Sasa kukashika kasi. Makumi ya maelfu wakarudishwa rizavu. Wengi walikuwa wamezaliwa kwa hayo mashamba, na huko walikopelekwa hawakuwa na hata robo ekari. Mtu hajakosa kitu, umemnyang'anya kila kitu. Akila kiapo kesho, utashangaa?

5/ Machi 26, Lari. Hasira hizo zikakutana na ugomvi wa ardhi wa tangu zamani. Mau Mau wakachoma nyumba za familia za homugadi. Watu zaidi ya 70 wakafa, wengi kina mama na watoto. Halafu homugadi na vikosi vya serikali wakalipiza, wakaua watu bila kesi yoyote.

6/ Hesabu ya Hali ya Hatari yote: walowezi 32 waliuawa. Raia Waafrika waliouawa na Mau Mau, zaidi ya 1,800. Walionyongwa na serikali, zaidi ya 1,000. Sasa niambieni hiyo adhabu ya jumla ilimlinda nani.

7/ Msidhani ni mambo ya mkoloni tu. Aprili 2014, baada ya mashambulizi, maelfu walikamatwa Eastleigh na wengi wakafungiwa uwanja wa Kasarani. Kosa la wengi lilikuwa sura na jina.

8/ Kwa hivyo mwanasiasa akisema "hiyo jamii", muulizeni: mshukiwa ni nani, na ushahidi uko wapi? Akikosa jibu, jueni waliokufa hajawatafutia haki. Anatafuta kura.