Theluji ya Buffalo na Safari Ndefu ya Msaada wa Maafa Marekani

Jimmy Carter alikuwa hajatimiza siku kumi za urais pale jimbo la New York lilipomwomba msaada kwa sababu ya theluji. Mji wa Buffalo, kando ya Ziwa Erie, ulikuwa umefungika kwa dhoruba tangu Ijumaa, Januari 28, 1977.

Theluji iliyoanguka wakati wa dhoruba ile ilikuwa kama sentimita 30 tu, kiasi ambacho wenyeji wamekizoea. Lakini ziwa lilikuwa limeganda tangu katikati ya Desemba, na juu ya barafu yake ilirundikana theluji ya majuma mengi. Upepo wa kasi iliyokaribia kilomita 110 kwa saa uliizoa na kuimwaga mjini. Magari yalifukiwa yakiwa na watu ndani. Waliokufa walikuwa 29, baadhi yao wakikutwa ndani ya magari hayo. Carter alitangaza hali ya dharura, na siku chache baadaye akatangaza maafa makubwa. Ilikuwa mara ya kwanza kwa rais wa Marekani kufanya hivyo kwa ajili ya dhoruba ya theluji.

Njia ya kufika hapo ilikuwa ndefu. Mwaka 1803, baada ya moto kuteketeza Portsmouth, New Hampshire, Bunge liliwaongezea wafanyabiashara wa mji huo muda wa kulipa ushuru wa forodha. Tangu hapo kila janga lilisubiri sheria yake, na aliyekosa msemaji bungeni alikosa msaada. Sheria ya mwaka 1950 ilimpa rais uwezo wa kuamua bila kusubiri Bunge. Ile ya 1974 ikatenganisha dharura na maafa makubwa, tena ikaweka ruzuku kwa familia. Shirika la FEMA, linalosimamia misaada ya maafa ya serikali kuu, lilianza kazi mwaka 1979, na sheria ya Stafford ya 1988, inayotumika hadi leo, inaitaja dhoruba ya theluji kwa jina.

Hata hivyo, theluji ina shida yake mbele ya serikali: huyeyuka. Kimbunga huacha mapaa yaliyong'oka, mafuriko huacha alama ukutani. Theluji haiachi ushahidi wa aina hiyo. FEMA nayo ilijiwekea kipimo: ili kaunti isaidiwe gharama za kuondoa theluji, kwa kawaida theluji iliyoanguka lazima ifikie rekodi ya hapo au iikaribie, na gharama zinazohesabiwa ni za saa 48. Kipimo hiki hutazama theluji inayoanguka, ilhali iliyoiangamiza Buffalo ilikuwa imekwisha anguka zamani.

Tena fedha hizo huenda kwa serikali za mitaa, kulipia matingatinga na mishahara ya wafanyakazi. Mwenye nyumba hupata fungu lake pale rais anapotangaza maafa makubwa na kuidhinisha msaada wa mtu mmoja mmoja kwa kaunti yake. Texas ililiona hilo Februari 2021, baridi ilipokata umeme na kupasua mabomba majumbani. Gavana aliombea kaunti zote 254. Tangazo la kwanza la maafa makubwa la Rais Joe Biden liliidhinisha msaada huo kwa kaunti 77. Kwa siku hizo za mwanzo, mstari wa mpaka wa kaunti uliamua nani aombe na nani angoje.

Desemba 2022 dhoruba iliirudia Buffalo, mji ambao sasa ni makazi ya wakimbizi wengi kutoka Kongo na Burundi. Zaidi ya watu 40 walikufa katika Kaunti ya Erie, wengine ndani ya nyumba zao zisizo na joto. Kwa familia za wakimbizi na wengine wanaokumbwa na maafa kama haya, historia hii ina funzo la kushika: piga picha za uharibifu kabla ya kutengeneza, tunza risiti, pata barua ya bima, omba mkalimani, na FEMA ikikukatalia kata rufaa ndani ya siku 60.

Lakini mzigo wote usiachiwe muathirika. Marekani ilitumia zaidi ya miaka 170 kukubali kuwa theluji nayo huleta maafa. Hatua inayofuata ni kuacha kuupa ujazo wa theluji uzito zaidi kuliko madhara yake, na kuhesabu kwanza nyumba zilizokosa joto, mabomba yaliyopasuka na watu waliokufa kwa kukosa wa kuwafikia.