Majira ya Mawindo Katika Bonde la Kilombero: Uta na Masimulizi Yake

Mwaka 1926 ulitoa maandishi mawili yahusuyo mawindo ya Tanganyika, ambayo yafaa kuwekwa pamoja juu ya meza moja. La kwanza ni makala ya A. G. O. Hodgson juu ya desturi za uwindaji za Wandamba wa bonde la Ulanga, iliyotokea katika jarida la Taasisi ya Kifalme ya Elimu ya Watu, London. La pili ni kitabu cha Saxton Pope, daktari wa California, kiitwacho The Adventurous Bowmen, ambamo aeleza jinsi yeye na rafiki yake Arthur Young walivyofika Tanganyika mwaka 1925, pamoja na mwandishi Stewart Edward White, ili kuwinda simba kwa pinde. Katika kitabu hiki mwindaji asimulia mambo yake mwenyewe: alivyonyata, alivyokosa, alivyopata. Katika makala ile mwindaji asimuliwa na mtu mwingine, tena mtu wa serikali. Tofauti hii ndiyo niliyotaka kuichunguza, kwa sababu imeacha alama katika lugha.

Pope hakuzaliwa na uta mkononi. Alifundishwa na Ishi, mtu wa mwisho wa kabila la Wayahi, aliyejitokeza kutoka milima ya California mwaka 1911 akafa kwa kifua kikuu mwaka 1916. Kwa hiyo elimu ya mwindaji mmoja asiye na taifa lililobaki ilipita kwa daktari wake, ikawa mchezo wa waungwana, ikavuka bahari hata kufika katika nchi iliyokuwa na wapiga uta wake wengi. Wapiga uta hao hawakualikwa kuandika kitabu.

Turudi Kilombero. Kiberege ipo upande wa magharibi wa bonde, chini ya milima ya Udzungwa, juu ya njia itokayo Ifakara kwenda Mang'ula na Kidatu. Wakati wa Waingereza palikuwa boma, na katika nchi hiyo A. T. Culwick na mkewe walikusanya habari za kitabu chao Ubena of the Rivers cha mwaka 1935, chenye sura moja iliyotungwa na Mtema Towegale Kiwanga mwenyewe. (Sura hiyo yastahili kukumbukwa na kila mtu adhaniaye kwamba wenyeji walikuwa watoa habari tu.) Mbele ya Kiberege, kuelekea mashariki, ardhi yateremka katika uwanda wa mbuga ambao mto huufunika kila mwaka. Mvua huanza karibu na Novemba na kuendelea hata Mei. Mafuriko huwa makubwa kati ya Machi na Mei. Kisha, Juni na Julai, maji hurudi nyuma pole pole, na nyasi mbichi huota pale yalipoondoka.

Hapo ndipo majira ya mawindo yalipoanzia. Hapakuwa na haja ya kalenda. Wakati wa gharika wanyama wa mbugani hupanda kwenye kingo za bonde, penye miti, wakatawanyika. Maji yakipungua hushuka tena na kuyafuata majani. Mwindaji aliyetangulia alikuta majani bado marefu ya kutosha kumficha, na udongo bado laini wa kutosha kuhifadhi nyayo. Aliyechelewa hata moto wa kiangazi upite alikuta uwanda mtupu, na mnyama amwona kutoka mbali. Kwa mtu mwenye bunduki, tofauti hiyo si kubwa. Kwa mwenye uta, ambaye lazima akaribie hatua chache, ndiyo yote.

Mnyama wa majira hayo ni sheshe. Katika orodha za wataalamu huitwa Kobus vardonii, jina alilopewa na Livingstone mwaka 1857 kwa heshima ya rafiki yake Vardon. Ni wa jamii ya kuro, lakini mdogo kuliko kuro, mwenye rangi ya dhahabu iliyoiva, na pembe huota kwa dume tu. Akishtuka hupiga mluzi, akaurudia, na kundi zima huinua vichwa. Mwishoni mwa karne ya 20 ilikadiriwa kwamba karibu robo tatu ya sheshe wote wa dunia walikuwa katika bonde hili moja, na hiyo ilikuwa sababu mojawapo ya bonde kuandikwa mwaka 2002 katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu. Tangu hapo mifugo na mashamba vimewapunguza sana.

Niongeze neno moja kwa wafasiri. Mnyama ambaye watu wa Ulaya na Marekani humwinda kwa uta kwao, mwenye pembe za matawi zinazodondoka kila mwaka na kuota upya, hayupo kusini mwa Sahara, na Kiswahili hakikuwa na haja ya kumpa jina. Wafasiri wa Biblia walilazimika kuchukua ayala kutoka Kiebrania. Mtu atafsiriye habari za mawindo kutoka lugha za kigeni na kuandika swala au kulungu mahali pa mnyama huyo, awape wasomaji wake tahadhari.

Sasa uta wenyewe. Siku hizi neno litumikalo sana ni upinde, lililotoka katika kitenzi pinda. Hilo ni neno jipya kwa kulinganisha. La kale ni uta, na ukale wake waonekana kwa kuwa limo katika lugha za Kibantu zilizo mbali mbali: Mkamba na Mkikuyu wanalo, Mchewa na Mshona wanalo pia. Kwa Waswahili wa pwani lilibaki zaidi katika habari za Fumo Liyongo, shujaa mpiga uta, ambaye yasimuliwa kwamba alikufa amepiga goti penye kisima, mshale ukiwa tayari, na watu wakaogopa kumkaribia siku kadhaa wasijue kwamba amekwisha kufa. Pamoja na uta yalikuwapo maneno mengine. Mti wa mshale ni wano. Kamba ya uta ni upote. Ncha ya chuma ni chembe, au kigumba. Mfuko wa mishale ni podo, na kaskazini ziaka. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 inalo wano. Lakini muulize mwanafunzi wa chuo leo, hata aliyezaliwa Ifakara, atakuambia "mti wa mshale" kama nilivyoandika mimi hapo juu. Chembe imeokoka kwa njia ya pembeni tu: bado twasema chembe cha moyo, tukiwa tumesahau kwamba hapo kifuani pamefananishwa na ncha ya mshale.

Neno lililo na habari nyingi kuliko yote ni uchungu. Kwa Wagiriama utsungu ni sumu ya mishale, na jamaa yake katika Kiswahili ni uchungu, neno la maumivu, la uzazi, na la dawa isiyomezeka. Sumu hiyo katika pwani ya Kenya na Ukambani hupikwa kutokana na msunguti. Kusini, upande wa Malawi na Zambezi, hutoka katika mmea mwingine, ambao wataalamu waliupa jina la Strophanthus. Ni John Kirk, aliyekuwa katika msafara wa Livingstone wa Zambezi wa 1858 hata 1864 na baadaye akawa balozi wa Uingereza Zanzibar, aliyeona kwamba mapigo ya moyo wake yalipungua baada ya mswaki wake kuguswa na sumu hiyo. Wenyeji waliiita kombe, na jina hilo limo mpaka leo katika jina la kitaalamu la mmea. Thomas Fraser wa Edinburgh aliichunguza baadaye, ikawa dawa ya moyo katika hospitali za Ulaya. Sumu hizi zote mbili huua kwa kusimamisha moyo zikiingia katika damu, lakini zikiingia tumboni hazina nguvu sana; kwa hiyo wawindaji waliweza kukata nyama iliyozunguka jeraha, wakaitupa, wakala iliyobaki.

Jambo hili la sumu lina matokeo katika namna ya kusimulia, na hapa naomba wataalamu wa sarufi wanivumilie. Risasi huua papo hapo au huacha. Mshale wa sumu hauui papo hapo. Mnyama hushtuka, hukimbia, husimama, huenda tena, pengine kwa muda mrefu. Na mwindaji mwenye busara hamfukuzi, kwa maana mnyama anayefukuzwa huenda mbali zaidi. Hukaa kwanza. Kisha hufuata damu, nyayo, na majani yaliyolala. Basi katika hadithi ya bunduki tukio kubwa ni mlio. Katika hadithi ya uta mlio haupo, na tukio kubwa ni kungoja. Kiswahili kina chombo cha kazi hiyo, nacho ni -ka-: nikakaa, nikangoja, jua likapanda, nikaona damu kidogo, nikaipoteza, nikairudia. Sarufi zetu hufundisha -ka- kama njia ya kufuatanisha matendo tu. Katika masimulizi ya namna hii hufanya kazi zaidi ya hiyo, kwa sababu ile silabi moja inayorudiwa ndiyo inayomfanya msikilizaji angoje pamoja na mwindaji. Wala hadithi hizo hazikuwa maongezi ya kupitisha jioni tu. Kijana aliyesikiliza mwanzoni mwa majira alijifunza maji yamefika wapi, sheshe wameshukia upande gani, na upepo wa asubuhi watoka wapi. Msimuliaji naye alipimwa, maana waliokuwapo walijua kama mahali alipopataja pangeweza kuwa na nyayo siku hiyo.

Masimulizi ya namna hiyo yahitaji uhuru wa kusema. Mtu hawezi kutaja mahali, siku, na mnyama, kama kutaja huko ni kukiri kosa.

Amri ya kwanza kubwa ilikuwa ya gavana wa Wadachi, Hermann von Wissmann, ya Mei 1896, iliyoanzisha vibali vya kuwinda na kutenga sehemu mbili za hifadhi, moja upande wa Rufiji. Miaka minne baadaye, Mei 1900, wajumbe wa dola za Ulaya walipatana mjini London juu ya wanyama wa Afrika, wakaahidi pamoja na mengine kupunguza kadiri iwezekanavyo matumizi ya nyavu na mashimo ya kutegea, yaani vyombo vya wenyeji. Bunduki haikusemwa hivyo. Mwanahistoria Thaddeus Sunseri alieleza mwaka 1997, kwa habari za Uzaramo, jinsi kuzuiwa kwa mawindo kulivyowaacha nguruwe waharibu mashamba, na jinsi dhiki hiyo ilivyokuwa miongoni mwa mambo yaliyoleta vita vya Maji Maji. Katika Kilombero sitasema zaidi ya yale yanayojulikana: Wapogoro na Wambunga waliishambulia boma ya Mahenge mwisho wa Agosti 1905, na baada ya kushindwa watu walitakiwa kusalimisha silaha, kisha njaa ikafuata. Mashariki ya bonde pori liliongezeka. Mwaka 1922 hifadhi kubwa ilipewa jina la Selous, mwindaji Mwingereza aliyeuawa vitani Beho Beho Januari 1917. Si rahisi kupata mfano ulio wazi kuliko huo wa mwindaji mmoja kugeuka jina la nchi na wengine kugeuka wahalifu ndani yake.

Waingereza waliendelea na sheria zao; mwaka 1952 bonde lenyewe likawa eneo la mawindo yatawaliwayo. Serikali huru haikuliacha jambo hilo. Uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1973 hata 1978, sheria mpya ikatungwa 1974, na ile ya 2009 yasema wanyama wote ni mali ya umma iliyo chini ya Rais. Hifadhi ya milima ya Udzungwa, juu ya Kiberege, ilianzishwa 1992, na mwaka 2023 sehemu ya bonde ikatangazwa kuwa pori la akiba. Siandiki ili kuzilaumu sheria hizi zote. Anayejua jinsi sheshe walivyopungua hawezi kutaka kila mtu ashuke mbugani na podo lake. Lakini yapasa kuona kwamba msimu wa uwindaji wa watalii hufunguliwa tarehe 1 Julai, yaani wakati ule ule maji yalipokuwa yakiufungua msimu wa Mndamba. Majira ni yale yale, na aliyebadilika ni mwenye ruhusa ya kusimulia.

Lugha imeandika badiliko hilo kwa neno moja. Zamani mtu huyu alikuwa mwindaji, au msasi kama awindaye kwa mbwa. Leo, asipokuwa na karatasi, ni jangili, neno lililokuja kutoka Bara Hindi, ambako maana yake ya asili ni -a porini. Limekuja kutumika kwa muuzaji wa pembe za ndovu mwenye bunduki ya kivita na pia kwa mzee aliyetega paa mmoja kando ya shamba, bila kubagua. Na mtu aitwaye jangili akiulizwa na mtafiti kamba ya uta yaitwaje, husema hajui. Pengine kweli hajui. Pengine amepima kwanza ni nani anayeuliza.

Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitumwa vijijini kukusanya habari za Maji Maji kutoka kwa wazee, nao walifanya kazi ambayo leo isingewezekana tena. Waliulizia vita. Kazi ya kuulizia uta bado yaweza kufanywa, ijapokuwa kwa wajukuu, na si lazima ianze na maswali juu ya mnyama gani aliuawa wapi. Wasomaji wa jarida hili walioko Kiberege, Ifakara, Mofu, Mlimba na Mahenge wangetusaidia kwa kuuliza mambo haya katika Kindamba, Kipogoro, Kimbunga na Kibena: jina la uta na la kamba yake, mti uliofaa kuuchonga, majina ya sehemu za mshale kuanzia nyoya hata ncha, jina la mshale uliokosa, kama lipo tofauti na la ule uliopata, jina la damu ya kwanza chini na la damu iliyokwisha kukauka, na jina la siku zile ambapo maji yameondoka lakini majani hayajachomwa.