Ritifaa Iliyonikosesha Kazi

Mwaka 2012, Masumbwe yetu ilipotoka Shinyanga ikawa ya Geita, niliingia kwenye kibanda cha intaneti kuomba kazi. Anwani yangu ya barua pepe nilipewa chuoni, nayo ilibeba jina la ukoo kama tunavyoliandika Wasukuma: Ng'w, na ritifaa yake. Barua zilikuwa zinaingia siku zote. Fomu ikaandika kwa rangi nyekundu: anwani si sahihi.

“Kaka, si uitoe tu hiyo alama,” kijana wa kibanda akaniambia.

Nikaitoa. Baadaye nikasikia kwamba waliniita kwenye usaili, ila barua yao ikawarudia.

Nilidhani kosa ni la jina letu. Kumbe wapi! Ray Tomlinson alipochagua alama ya @ mwaka 1971, kushoto alimweka mtu, kulia kompyuta yake. Kanuni za mwaka 1982, ziitwazo RFC 822, zilitaja alama zisizoruhusiwa kuandikwa hivihivi upande wa kushoto: mabano, mkato, nukta mbili na nyinginezo. Ritifaa haimo. Kanuni za baadaye zikaweka kikomo cha herufi 64 kushoto na 255 kulia, zikasisitiza kwamba maana ya upande wa kushoto anaijua seva inayopokea barua, si mwingine.

Basi fomu ile ilihukumu jambo lisiloihusu. Ukitaka kujua anwani ni nzima, tuma barua uone kama itafika. Ritifaa ya watu iache mahali pake.