Honi ya hewa kwa pikipiki: Sauti kubwa hudai waya mnene

MHUDUMU wa bodaboda anayefuatana na matrela katika barabara kuu ya kutoka Mombasa hadi Malaba huufahamu vyema udhaifu wa honi aliyouziwa pamoja na pikipiki yake. Huibonyeza kwa kidole gumba, sauti nyembamba ikatoka, nayo trela ikaendelea kumsukuma ukingoni kana kwamba hakuna aliyepiga honi.

Si ajabu basi kwamba honi ya hewa ni miongoni mwa vifaa ambavyo waendeshaji wengi hutamani kuviongeza. Hata hivyo, badiliko hili, ambalo kwa macho ni kazi ya kufungua nati moja na kukaza nyingine, laweza kumwachia mtu nyaya zilizoyeyuka chini ya tangi la petroli. Kosa huwa haliko katika honi bali katika njia ya umeme unaoifikia.

Honi ya kawaida ya pikipiki ni chombo sahili. Ndani yake mna sumaku ya umeme na kiwambo cha bati jembamba. Umeme unapopita, sumaku hukivuta kiwambo. Kiwambo nacho kikivutwa huukata umeme huo huo, kikarudi mahali pake, na umeme ukapita tena. Hayo hurudiwa mara mia nne au zaidi kila sekunde, na ndiyo yanayosikika kama mlio. Kwa kazi hiyo honi hula takriban ampea 2 hadi 3 tu, na waya mwembamba unaotoka kiwandani huzimudu bila taabu.

Honi ya hewa hufanya kazi kwa namna nyingine. Mota ndogo huzungusha kompresa, nayo hewa iliyokandamizwa hupulizwa ndani ya baragumu mbili za plastiki zisizolingana urefu, kila moja ikiwa na kiwambo chake. Kwa sababu urefu hutofautiana, sauti mbili hutoka kwa pamoja, na sikio huzitenga upesi na mngurumo wa injini.

Mfano unaojulikana sana kote duniani ni Stebel Nautilus Compact kutoka Italia, ambayo kompresa yake imeshikana na baragumu katika umbo moja. Sauti zake ni za hezi 530 na 680. Mtengenezaji huitangaza kuwa ya desibeli 139, na hudai ampea 18, yaani mara sita au zaidi ya honi ya kawaida.

Tarakimu za desibeli zinazoandikwa kwenye maboksi zapaswa kusomwa kwa tahadhari. Kipimo cha desibeli hakina maana pasipo kutaja umbali uliopimwa. Mahali palipo wazi, kila umbali unapoongezwa maradufu sauti hupungua kwa desibeli 6. Kwa hivyo honi yenye desibeli 110 katika umbali wa mita 2 hubakia na takriban 86 tu katika umbali wa mita 32. Vioo vya gari vilivyofungwa huondoa nyingine 20 au zaidi, na redio ikiwa imefunguliwa, dereva husikia kitu kama mbu.

Kiwango cha kimataifa cha kulinganishia ni Kanuni nambari 28 ya Umoja wa Mataifa kuhusu honi za magari. Kwa pikipiki yenye nguvu inayozidi kilowati 7, kanuni hiyo hutaka sauti isizidi desibeli 112 ikipimwa mita 7 mbele ya chombo, na mlio uwe wa namna moja usiopandishwa wala kushushwa kama wimbo.

Ichunguzwe kwanza honi ya zamani

Kabla ya kuingia katika maduka ya vipuri, yafaa mwenye pikipiki afanye jaribio lisilogharimu hata shilingi. Achomoe nyaya mbili za honi, kisha aiunganishe moja kwa moja na betri kwa vipande viwili vya waya. Honi ikilia kwa ukali kuliko kawaida, basi si dhaifu hata kidogo. Umeme ndio uliokuwa ukipotea njiani, katika viungo vilivyoshika kutu au swichi iliyojaa vumbi na maji ya mvua. Kusafisha viungo hivyo huenda kukawa ndiyo tiba yote.

Aidha, nyingi za honi hizi zina skrubu ndogo mgongoni ya kurekebisha kiwambo. Kuizungusha robo mzunguko, huku honi ikijaribiwa, huweza kuirudishia sauti iliyofifia kwa miaka.

Njia ya kati ni kufunga honi mbili za umeme zenye umbo la konokono, moja ya sauti nzito na nyingine nyembamba. Hazifikii ukali wa honi ya hewa, lakini kila moja hula ampea chache tu na hazihitaji nafasi kubwa. Kwa pikipiki nyingi za sisi 100 hadi 150 zinazobeba abiria nchini Kenya, hili ndilo chaguo la busara zaidi, ingawa halina fahari ya baragumu.

Rilei ndiyo roho ya kazi

Anayeshikilia honi ya hewa hana budi kununua na vitu vingine vitatu: rilei ya ampea 30 au 40, fyuzi pamoja na kishikizo chake, na waya mnene wa milimita mraba 2.5 hivi.

Rilei ni swichi inayoendeshwa na umeme mdogo ili kufungulia umeme mkubwa. Ni mithili ya bawabu: mwenye nyumba hutoa amri tu, bawabu ndiye avutaye lango zito. Swichi iliyo kwenye usukani iliumbwa kwa ampea 2 au 3. Ikipitishiwa 18, viguso vyake huungua au hugandana, na honi hulia bila kukoma hadi waya uchomolewe. Waya nao ukizidiwa hupata moto, ngozi yake ya plastiki ikayeyuka na nyaya jirani zikagusana.

Rilei za kawaida zina pini nne zilizoandikwa nambari. Waya mnene hutoka ncha chanya ya betri, ukapitia kwenye fyuzi na kuingia pini ya 30. Kutoka pini ya 87 waya mwingine mnene huenda kwenye honi, na ncha ya pili ya honi hurudi moja kwa moja kwenye ncha hasi ya betri. Pini za 85 na 86 hupokea zile nyaya mbili zilizokuwa zikiiwasha honi ya zamani.

Hapa ndipo mafundi wengi hukosea. Katika baadhi ya pikipiki swichi ya honi hukata upande wa chanya, na katika nyingine hukata upande wa hasi. Fundi akichukua waya mmoja tu wa zamani na kuufunga ule mwingine wa rilei kwenye fremu, honi yaweza kutolia kabisa. Nyaya zote mbili za zamani zikitumiwa, rilei hufanya kazi katika mpangilio wowote.

Fyuzi ya ampea 20 hutosha kwa honi inayohitaji 18, na yapaswa kukaa karibu sana na betri. Ikiwekwa mbali, kipande chote cha waya kilicho kati yake na betri hubakia bila mlinzi.

Betri nayo haisahauliki. Ampea 18 kwa volti 12 ni wati 216, kiasi ambacho mtambo wa kuzalisha umeme katika pikipiki ndogo haukifikii. Pengo hilo hujazwa na betri, na betri za pikipiki nyingi ndogo zina uwezo wa ampea-saa chache tu. Honi ikipigwa kwa sekunde moja au mbili hakuna hasara. Ikishikiliwa kila mara kwenye foleni, betri huchoka, na kompresa hukoroma badala ya kulia. Pikipiki yenye betri iliyozeeka isifungwe honi hii kabla ya betri kubadilishwa.

Mahali pa kuifunga pachaguliwe kwa subira. Midomo ya baragumu ielekezwe mbele na kuinama kidogo ili maji yasituame ndani. Baada ya kufunga, usukani uzungushwe hadi mwisho kulia na kushoto, na sehemu ya mbele ibonyezwe kwa uzito wa mwili, kuhakikisha kwamba gurudumu, kebo za breki na shokomzoba haziigusi honi.

Masikio na sheria

Honi ya hewa iko karibu mita moja tu kutoka masikioni mwa mwendeshaji na abiria wake. Wataalamu wa afya ya kazini huchukulia desibeli 85 kwa saa nane kuwa mpaka wa usalama, na katika kiwango cha 100 muda huo hupungua hadi dakika 15. Mpita njia anayepigiwa honi hiyo mgongoni huweza kushtuka na kurukia upande usiofaa. Punda wa mkokoteni pia.

Kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo, zilizotolewa mwaka 2009 chini ya sheria ya mazingira nchini Kenya, hukataza honi kupigwa isipokuwa inapolazimu kuzuia ajali. Ving'ora navyo ni vya magari ya dharura kama vile ya polisi, zimamoto na ambulensi, kwa hivyo honi zinazobadilisha milio kama king'ora ziepukwe hata kama muuzaji anazisifu.

Baadhi ya waendeshaji wametatua jambo hili kwa kuiacha honi ya kiwandani mahali pake pamoja na swichi yake, kisha wakaifungia ile ya hewa swichi ya pili upande mwingine wa usukani, ikiwa na rilei na fyuzi yake. Ile ndogo hutumika sokoni, mitaani na karibu na shule. Ya hewa husubiri barabara kuu, mahali ambapo dereva wa trela amefunga vioo vyake.