Maktaba Inapozipeleka Picha Zake kwa Watu

Maktaba nyingi duniani siku hizi huweka picha, video na sauti kwenye mitandao ya kushirikiana, ili ziwafikie watu wasioingia katika majengo yake wala kufungua tovuti zake. Anayetaka kuelewa jambo hili linavyofanya kazi hana budi kuanzia Januari 16, 2008. Siku hiyo Maktaba ya Bunge la Marekani iliweka picha zipatazo 3,000 kwenye Flickr, mtandao wa kuonyeshana picha uliokuwapo tangu 2004, katika mpango ulioitwa Flickr Commons.

Picha zenyewe zilikuwa zikipatikana tayari kwenye tovuti ya maktaba, ila aliyezipata ni yule aliyejua pa kuzitafuta. Kwenye Flickr zilitazamwa mara milioni 1.1 katika saa 24 za mwanzo, na kufikia Oktoba mwaka huo zilikuwa zimetazamwa zaidi ya mara milioni 10. Watu walibandika lebo 67,176 na kuandika maoni 7,166. Walioogopa matusi walitulizwa na hesabu moja: maandishi yaliyolazimika kufutwa hayakufika 25.

Tarakimu za watazamaji hupendeza kwenye ripoti ya mwaka, lakini faida kubwa ilikuwa kwingine. Sehemu ya picha zile ilitoka kwa Bain, wakala wa picha za habari wa New York, nyingi zikiwa za miaka ya 1910. Zilipigwa kwa mabamba ya kioo, na maelezo yakaandikwa juu ya bamba lenyewe kwa haraka ya chumba cha habari: mara nyingi jina la ukoo tu, pengine limekosewa herufi, tarehe haipo. Maktaba iliyachukua kama yalivyo. Watumiaji wa Flickr wakaanza kupekua magazeti ya wakati ule, wakaeleza aliyeko pichani ni nani, tukio lilitokea wapi na siku gani. Wakutubi waliyasoma madai hayo, wakayahakiki, kisha wakasahihisha katalogi na kutaja kwamba taarifa imetoka Flickr. Ndani ya miezi tisa hivi rekodi zaidi ya 500 zilikuwa zimeboreshwa kwa njia hiyo.

Hata lebo, ambazo wakutubi wengine huzidharau, zina kazi yake. Katalogi huainisha kwa istilahi za fani. Mtu wa kawaida huandika rangi ya gauni, aina ya kofia au chapa ya gari, na mwenzake anayetafuta kofia ataiona picha.

Suala la hakimiliki lilitatuliwa kwa tamko la tahadhari: hakuna vizuizi vya hakimiliki vinavyojulikana. Yaani taasisi haidai kuimiliki picha, wala haimhakikishii mtumiaji kwamba mwenye haki hatajitokeza kesho.

Mwaka 2011 Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Uingereza nayo iliweka Flickr maelfu ya picha za Afrika zilizotoka Wizara ya Makoloni, ikawaomba watazamaji wasaidie kuzitambua. Ombi hilo lilistahili. Maelezo ya picha za kikoloni mara nyingi humtaja gavana kwa jina na cheo, na waliosimama nyuma yake kwa kabila tu. Mzee wa Tanga au Lamu anaweza kumtambua mtu, msikiti au mshono wa kofia ambao mhifadhi wa London hana habari nao. Lakini lazima kwanza picha imfikie, na huenda yeye yuko WhatsApp, wala hajawahi kuisikia Flickr.

Hapo maktaba za Afrika Mashariki zina hesabu zao wenyewe za kupiga. WhatsApp hufika hata kwa mwenye bando dogo, ila huishusha picha ubora, na ikishasambazwa mara mbili tatu maelezo huweza kuachwa njiani. Namba ya katalogi na jina la maktaba viandikwe ukingoni mwa picha yenyewe, ndipo atakayemtambua bibi yake ajue pa kupeleka habari. Na awepo mtumishi aliyepangiwa kazi ya kujibu. Mtu akikaa mwezi mzima bila kujibiwa, haandiki tena. Na si picha tu zinazoweza kusambazwa hivyo: kwa watoto, mkutubi anaweza kurekodi hadithi akiisoma kwa sauti, mradi leseni iruhusu. Kitabu cha dukani kinahitaji ruhusa ya mchapishaji. African Storybook, mradi ulioanzia Afrika Kusini, una hadithi nyingi za Kiswahili zenye leseni huria, kwa sharti la kuwataja waandishi na wachoraji. Rekodi ya sauti pekee haili bando kama video, jambo ambalo wapangaji wa miradi walio kwenye ofisi zenye intaneti ya bure husahau.

Kuna hatari moja ambayo haikwepeki: mtandao una mwenyewe. Yahoo iliinunua Flickr mwaka 2005. Kampuni ya SmugMug ikaichukua 2018, na mwaka huohuo ikatangaza kwamba akaunti za bure zisizidi picha 1,000. Taasisi zilizomo katika mpango wa Flickr Commons zilisamehewa, lakini msamaha huo haukuzihusu maktaba ndogo zilizofungua akaunti ya kawaida. Kwa hiyo nakala asilia hubaki kwenye diski za maktaba, tena zaidi ya moja, na kila maoni yenye taarifa mpya huingizwa kwenye katalogi mapema, kabla masharti hayajabadilika.