Merle Kilgore na Maneno Yaliyoimbwa na Wengine

Wapenzi wa taarabu wanajua vyema kwamba anayetunzwa jukwaani siye kila mara aliyetunga. Malenga huketi nyuma, pengine hayupo kabisa, na noti humwangukia mwimbaji. Kusini mwa Marekani, katika muziki uitwao kantri, mambo hayakuwa mbali na hayo, ila kwa tofauti moja kubwa: kule wimbo una hati, na kila jina lililomo katika hati lina fungu lake la malipo. Swali la nani katunga, basi, lina uzito wa fedha juu ya uzito wa heshima. Maisha ya Merle Kilgore, aliyekuwa mtunzi, mwimbaji na hatimaye meneja, yamelibeba swali hilo hadi baada ya kaburi.

Kilgore alizaliwa tarehe 9 Agosti 1934 huko Chickasha, Oklahoma, akakulia Shreveport, Louisiana. Mwaka 1948 mji huo ulianzisha onyesho la muziki la Jumamosi usiku, Louisiana Hayride, lililorushwa na redio ya KWKH. Hank Williams aliimba humo kabla jina lake halijaenea nchi nzima, na kijana Kilgore, mwenye miaka 14, ndiye aliyekuwa akimbebea gitaa. Mwaka uliofuata, katika mji huohuo, Hank alipata mtoto wa kiume, Hank mdogo. Tarehe 1 Januari 1953 baba akafariki, umri wake miaka 29 tu.

Kilgore hakuchelewa kung'ara. Mwaka 1954 wimbo wake More and More, ulioimbwa na Webb Pierce, ulishika nafasi ya kwanza katika orodha ya kantri, naye ndiyo kwanza anafikia miaka 20. Katika hati jina la Pierce limo pia kama mtunzi mwenza, jambo lililokuwa la kawaida kwa waimbaji wenye majina wa zama zile. Mwaka 1959 Johnny Horton aliimba Johnny Reb, utungo wa Kilgore unaosifu ushujaa wa askari wa majimbo ya Kusini katika vita vya 1861 hadi 1865. Lahani yake ni tamu, lakini msomaji wa pwani, ambaye ardhi yake nayo ina kumbukumbu za soko la watumwa, ana haki ya kuusikiliza kwa sikio la tahadhari: jeshi lile lilipigania majimbo yaliyotaka utumwa udumu, na wimbo haugusi hilo hata kwa mbali.

Kazi yake iliyo karibu zaidi na ada zetu ni Wolverton Mountain, ambayo Claude King aliifikisha kileleni mwaka 1962, na ambayo hati yake inawataja wote wawili. Ni kisa cha mzee wa mlimani anayemlinda binti yake kwa silaha, na kijana aliyeapa kuupanda mlima pamoja na hayo. Mzee huyo hakuwa wa kubuni. Clifton Clowers alikuwa mjomba wa Kilgore, mkaazi wa mlima wa Woolverton huko Arkansas, na aliishi kuuona wimbo ukimpa umaarufu asioutafuta. Alifariki mwaka 1994 akiwa na miaka 102. Mwaka uleule wa 1962 Jo Ann Campbell akatoa wimbo wa jawabu, safari hii binti mwenyewe akisema. Majibizano, basi, si ya Waswahili peke yao.

Kilgore naye aliimba, na mwaka 1960 nyimbo zake kadhaa zilipendwa, lakini sauti yake haikuyashinda maneno yake. Katika miaka ya sitini alianza kufungua maonyesho ya Hank Williams mdogo, kazi aliyoishika kwa miaka zaidi ya 20. Mwaka 1975 Hank mdogo aliporomoka mlimani Montana, uso ukapasuka vibaya, ikambidi kufanyiwa upasuaji mwingi kabla ya kurejea jukwaani. Kilgore hakumwacha. Mwaka 1986 alikabidhiwa uongozi wa shughuli zake zote, na mwaka 1987 na 1988 Hank mdogo alitunukiwa mfululizo kuwa mtumbuizaji bora wa kantri. Yule aliyembebea baba gitaa sasa alikuwa akimwekea mwana mikataba. Huenda wapo watakaosema kwamba umeneja ulimpunguzia utunzi, na kweli nyimbo zake kubwa zote ni za kabla ya hapo.

Umebaki ule uliozidi yote, Ring of Fire, unaoyafananisha mapenzi na duara la moto. Aliyeurekodi kwanza ni Anita Carter. Kisha mwaka 1963 Johnny Cash akaurekodi pamoja na tarumbeta za Kimexico, ambazo alisema alizisikia ndotoni. Simulizi iliyozoeleka ni kwamba June Carter, dada yake Anita, aliutunga pamoja na Kilgore, akiungua kwa kumpenda Cash ilhali wote wawili wana ndoa zao. Walipooana tarehe 1 Machi 1968, msimamizi wa bwana harusi alikuwa Kilgore. Mwaka 2004 palizuka pendekezo la kuutumia wimbo huo kutangaza dawa ya bawasiri. Kilgore aliliona kuwa mzaha mzuri. Warithi wakakataa katakata.

Lakini Vivian Liberto, mke wa kwanza wa Cash, aliandika vingine. Alidai kwamba Cash ndiye aliyeutunga pamoja na Kilgore, akamwachia June jina ili apate kipato. Mwenye kuweza kuthibitisha au kukanusha kwa kauli ya aliyekuwapo alikuwa Kilgore. June na Cash walifariki mwaka 2003. Kilgore akawafuata tarehe 6 Februari 2005, akiwa Mexico kwa matibabu ya saratani. Vivian mwenyewe Mei ya mwaka huohuo. Kitabu chake kilitoka mwaka 2007, wote wanne wakiwa wameshazikwa. Hati haikubadilishwa: watunzi ni June Carter na Merle Kilgore.